Fungafunga

Kiti cha dereva kilimponyoka Namuria kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, mbele ya lango la shule moja mjini Lodwar. Hakikwenda mbali. Kilirudi nyuma upana wa vidole viwili tu, lakini kwa mtu mfupi kama yeye vidole viwili vilitosha kuutoa mguu kwenye breki. Alikuwa anakanyaga ili asimame, na kadiri alivyokanyaga ndivyo kiti kilivyomkimbia. Mtoto wa nasari mwenye sweta ya kijani alikuwa katikati ya barabara, ameshika ndizi. Namuria alijivuta kwa usukani, akabahatisha breki kwa ncha ya kiatu, gari likasimama. Mtoto alimtazama, akamenya ndizi yake, akavuka.

Hakumwambia mtu. Usiku ule, kila alipofumba macho, aliiona ile ndizi.

Gari lilikuwa la baba yake, Lokaale, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini alibeba watu na samaki wakavu wa Kalokol, Lodwar hadi Kakuma na kurudi. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, na sura ya mtu mpaka imkaribie kama kikombe cha chai. Funguo alimpa Namuria, kitinda mimba wake, aliyerudi kutoka chuo kikuu mwaka uliopita na kupata leseni miezi minne iliyopita. Alimpa bila hotuba. Alisema tu, "Isikie. Gari huongea."

Na Jumamosi ile gari lilikuwa na safari isiyoahirishika. Dada yake, Nakaale, alikuwa amejifungua Kakuma. Miaka tisa ya ndoa, mimba mbili zilizoharibika, na sasa binti mwenye umri wa wiki sita. Mama yao hakuweza kusafiri kwa sababu ya miguu. Mtoto ndiye angeletwa kwake. Namuria ndiye angeendesha. Nakaale na mtoto wangekaa nyuma. Namuria aliwaza hivyo tangu Jumanne, na kila alipowaza aliona kiti kikirudi nyuma na kichwa kidogo kikiwa nyuma yake.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kukasirika, alilipeleka gari kwa fundi Barasa, baba yake ameketi kando yake.

Barasa alitoka Bungoma akiwa kijana na alikuwa amezeekea Lodwar. Gereji yake ilikuwa ua wa mabati na mti mmoja wenye miba. Alipomwona mzee akishuka kwa kupapasa mlango, alifuta mikono kwenye suruali.

"Ejok, mzee," alimsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Hujafukuzwa na hili joto bado?"

"Joto linanidai, mzee. Haliwezi kuniachilia." Akamgeukia Namuria. "Madam, gari inasema nini?"

"Kiti inacheza," Namuria alisema. "Ya dereva. Nikikanyaga breki inarudi nyuma."

Barasa alilala kifudifudi mlangoni na kuingiza kichwa chini ya kiti. Walimsikia akiguna, kisha akacheka. Alipotoka alikuwa ameshika kitu cha mbao, cheusi kwa mafuta ya miaka mingi. Kilikuwa ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho, hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku.

"Mzee, hii ndiyo bolti yako?"

Lokaale alinyoosha mkono akaipokea. Aliipapasa miguu yake, kisha shingo yake, kama mtu anayemtambua jamaa gizani.

"Ile chuma ya nyuma ilikatika zamani," alisema. "Nikaibana hapo, kati ya kiti na ule mgongo wa sakafu. Nilisema nitatengeneza wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwaka gani?"

"Wewe fundi uliza gari, usiniulize mimi." Aliigeuza ekicholong mkononi. "Lakini sasa anaendesha msichana. Si vizuri mwanamke kukalia ekicholong ya babake. Tengeneza kabisa, mimi nichukue kitu changu."

Namuria alielewa sasa kwa nini kiti kilianza kumtoroka. Miaka yote ile kigoda kilibanwa na uzito wa mwanamume mnene. Yeye alikuwa mwepesi, na kwa ajili ya ufupi wake alikuwa amekisogeza kiti mbele. Kigoda kilikuwa kimebaki peke yake, kinaviringika.

Barasa alirudi chini. Alisema sakafu pale nyuma imeliwa na maji ya chumvi ya samaki, bolti mbili hazina pa kushika. Inabidi kukata bamba la chuma na kulichomelea. Akavuta waya wa mashine yake, akabonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza tena. Stima ilikuwa imepotea, na kwa kawaida ya Jumamosi hakuna aliyejua ingerudi lini.

Walingoja saa nzima. Lokaale alikalia ekicholong yake chini ya mti, ameridhika kama mtu aliyerudishiwa meno. Namuria alitazama saa. Kisha alimwona Barasa akilala tena mlangoni na koleo mkononi, akinung'unika, akikaza kitu. Alipoinuka simu yake ililia. Aliiweka sikioni, akamwelekezea Namuria kidole gumba, na kusema huku akienda zake nyuma ya mabati:

"Nimefungafunga hapo, madam. Mwende tu pole pole. Mkirudi mnipitie."

Lokaale aliinua kichwa. "Amesemaje?"

"Amefunga, Apa," Namuria alisema. "Twende."

Baba yake aliweka ekicholong mapajani mwake, wakaondoka.

*

Kwenda kulikuwa kwema. Lami ilinyooka mbele yao, vilima vya mawe meusi vikapita pembeni, ngamia wakavuka kwa maringo yao. Namuria alikanyaga breki kila alipopata sababu, na mara nyingine bila sababu, na kiti hakikusogea. Mahali pamoja tu alipumua kwa shida: daraja moja lilikuwa limebebwa na mafuriko, na magari yalishuka kwenye mchepuko hadi ndani ya laga, mto mkavu wa mchanga, kisha yakapanda upande wa pili kwenye mwinuko wa kokoto. Alishuka kwa gia ya kwanza na kupanda kwa gia ya kwanza, midomo ikienda kimya kimya katika sala. Kiti kilitulia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alihisi njaa.

Kakuma, nyumba ya Nakaale ilijaa wanawake. Mtoto alikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Alipompakata, mtoto alimshika kidole na hakukiachia, na Namuria akaanza kulia mbele ya watu, akachekwa.

"Huyu ndiye dereva wetu?" Nakaale alisema. "Mungu wangu, tutafika na mafuriko ya machozi."

Saa tisa walianza kupanga mizigo. Jirani wa Nakaale, Nyawal, mama wa Kinuer aliyekuwa amemwogesha mtoto tangu siku ya kwanza, alimsaidia mama mtoto kuingia kiti cha nyuma. Alipoegemea mgongo wa kiti cha dereva, alisita. Akakisukuma kwa kiganja.

"Dada," alimwambia Namuria. "Hii kiti yako inatingishika."

"Ni ya zamani tu. Fundi ameshafunga, asubuhi hii hii."

Nyawal alikisukuma tena, akasikiliza, akainua mabega. "Sawa. Wewe ndiye umesoma."

Lilikuwa neno la utani, na wanawake walicheka. Lakini Namuria aliingia nalo garini.

Magharibi, juu ya milima ya upande wa Uganda, mawingu yalikuwa yamesimama meusi kama moshi wa matairi. Kakuma kwenyewe jua liliwaka, hakuna tone.

*

Kabla hawajafika lagani alianza kulisikia. Tik. Kimya. Tik. Sauti ndogo, kama mtu anayegonga ukucha chini yake.

Lokaale aligeuza uso. "Kiti kinalia."

"Ni kokoto, Apa."

"Hapana. Kokoto najua. Hiyo naijua pia." Akauliza taratibu, "Namuria. Barasa alisema neno gani?"

"Alisema amefunga."

"Hivyo hivyo? Alisema, nimefunga?"

Hapo ndipo neno lilipomrudia, zima, kama lilivyotoka kinywani mwa Barasa, na kidole gumba juu yake. Nimefungafunga. Yeye, mwenye digrii, alikuwa amelisafisha. Alilisikia limesemwa mara mbili, akadhani limetiliwa mkazo, akalikata nusu na kumpelekea baba yake hiyo nusu. Lakini mtu aliyefunga kwa bolti husema nimefunga, basi. Anayesema fungafunga ameshika waya.



"Alisema nimefungafunga," alisema.

Baba yake hakumgombeza. Ingekuwa afadhali amgombeze. Alishika mpini wa handibreki bila kuuvuta, akauacha mkono pale. "Punguza mwendo. Tafuta mahali tambarare, usimame."

Lakini mchepuko ulikuwa umekwisha kuwameza. Ardhi iliinama, pua ya gari ikashuka, wakawa mchangani. Kusimama mchangani ni kuzama. Kila dereva wa kule anajua. Namuria alivuka kwa gia ya pili mpaka matairi yakagusa kokoto za mwinuko. Gari likaanza kuchoka. Akakanyaga klachi na kuitoa gia ya pili aingize ya kwanza.

Waya ulikatika.

Kiti kilikwenda nyuma chote kwa pigo moja. Miguu ya Namuria ilielea hewani. Gia haikuwa mahali popote. Kwa nukta moja gari lilining'inia kwenye mwinuko kama linalofikiri, halafu likaanza kurudi nyuma.

Nakaale alipiga ukelele mmoja, mfupi, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomtia Namuria hofu kuliko ukelele.

"Breki," baba yake alisema. Alikuwa ameivuta handibreki kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imesimama. Gari lilikwaruza, likapunguza, halikusimama.

"Miguu haifiki!"

"Acha kukaa. Teleza."

Aliteleza. Alijiachia chini ya usukani mpaka hakuona barabara, aliona paa la gari tu na doa la kutu juu yake, akanyoosha mguu, akanyoosha, vidole vikagusa mpira wa breki, akausukuma kwa uhai wake wote. Gari likasimama.

"Zima. Sasa ingiza ya kwanza. Usitoe mguu mpaka nikwambie."

Alizima. Akaingiza gia. Lokaale alishuka akipapasa ubavu wa gari, akatafuta mawe kwa miguu na mikono, akayabana nyuma ya magurudumu. Namuria alibaki amelala pale chini, mguu ukiwa juu ya breki, akasema kwa sauti aliyoiona si yake:

"Nakaale. Mtoto?"

Hakuna jibu.

"Nakaale."

"Ananyonya," dada yake alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Kiti kimenibana magoti. Nilimwinua. Sikuweza kusema, nilikuwa nimemwinua juu."

*

Walimtoa Nakaale kwa kukisukuma kiti mbele. Magoti yake yalikuwa yamechubuka, lakini alisimama. Namuria alimpandisha na mtoto hadi ukingoni, akawakalisha kwenye kivuli chembamba cha mti. Alipogeuka ili kurudi kwa baba yake, alimwona mwanamke mwenye mbuzi upande wa pili wa laga, akiwapungia mkono kwa nguvu na kuonyesha juu ya mto.

"Ngakipi," mwanamke aliita. "Ngakipi!"

Maji. Namuria alitazama mchanga. Ulikuwa mkavu, mweupe, umetulia. Kisha akakumbuka mawingu ya Uganda, na akasikia, mbali bado, mngurumo kama wa lori lisilofika.

Alishuka mbio. "Apa, tuiache. Maji yanakuja."

Lokaale hakuwa nje tena. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, macho yake ya ukungu yakiangalia moja kwa moja mbele.

"Nenda kwa dada yako," alisema.

"Huoni, Apa."

"Mwinuko huu nimeupanda kabla hujazaliwa, daraja halijajengwa. Miguu yangu inafika, kiti kikiwa nyuma. Nipe tu mwelekeo."

"Ukikosea kidogo unaanguka pembeni. Kuna shimo."

"Basi nitaanguka na gari langu."

Alisema bila hasira, kama anayetaja bei ya samaki, na Namuria akatambua kwamba alikuwa amekwisha kukata shauri. Mngurumo ulikuwa umekua. Alifikiri juu ya mtoto wa ndizi, na ya nusu ya neno, na akafungua mlango wa dereva.

"Toka, Apa."

"Msichana—"

"Neno nililikata mimi. Nitaliunga mimi. Toka, ubane kiti. Na kile kitu chako."

Baba yake aliachia usukani. Mkono wake ulikwenda kwenye ekicholong iliyokuwa sakafuni upande wa abiria. Aliishika kwa muda ambao Namuria aliuona kuwa mwaka.

"Mwanamke hakalii ekicholong ya baba yake," alisema hatimaye, si kwake, bali kama anayezungumza na wazee waliokuwa wamesimama karibu.

"Najua, Apa."

"Hutaikalia. Wewe utakalia kiti. Ekicholong itakalia chuma. Mimi ndiye nimeiweka."

Akashuka. Namuria akaingia na kujivuta mbele kabisa, kifua karibu na usukani. Baba yake alipiga magoti sakafuni nyuma yake, akapapasa kati ya kiti na mgongo wa chuma. Hakuhitaji macho kwa kazi ile. Alikisimamisha kigoda kwa urefu wake, akakigonga mara mbili kwa jiwe. Akakisukuma kiti kwa bega. Hakikusogea.

"Washa. Mimi nakaa hapa hapa nyuma, nakishika. Usiangalie mto."

Namuria aliwasha. Aliachia klachi kidogo kidogo, akasikia gari likishika, akaachia handibreki na breki. Mbao iligumia mgongoni kwake: krrr. Alisubiri kuanguka nyuma. Gari lilipanda kimo cha mtu. Mbao iligumia tena, na nyuma yake baba yake alikuwa akihema na kusema neno moja kwa Kiturkana, lile lile, lile lile, ambalo wachungaji humwambia ng'ombe anayezaa. Kokoto ziliruka. Pua ya gari ikainuka angani, Namuria asione chochote ila bluu, na akaendelea kukanyaga ndani ya ile bluu mpaka ikainama na kuwa barabara.

Alisimamisha gari mbali na ukingo.

Maji yalipita nyuma yao, ya kahawia, yamebeba matawi na ndala moja ya bluu. Hayakuwa mengi sana. Yalitosha.

*

Usiku huo mama yao alimweka mjukuu kifuani na kumpulizia usoni. Alipouliza safari ilikuwaje, wote watatu walisema ilikuwa nzuri.

Jumatatu Barasa alisikiliza habari yote bila kunyanyua macho. Alipomaliza kusikiliza alikwenda kukaa juu ya tairi.

"Lakini nilikwambia, madam. Nilikwambia nimefungafunga."

"Uliniambia."

"Ningeacha simu. Ningekuonyesha waya kwa macho yako."

"Na mimi ningeuliza," Namuria alisema.

Stima ilikuwepo. Barasa alikata bamba, akachomelea, akatoboa, akaingiza bolti nne mpya na kuzikaza mpaka spana ikalia. Ekicholong ilitoka na ufa mwembamba uliopanda mguu mmoja. Lokaale aliufuata ufa kwa kidole gumba hadi mwisho wake. Kisha akaiweka chini ya mti na kuikalia, polepole, na ilipomstahimili akasema, "Na wewe umezeeka."

Barasa aliufunga mlango wa gari. "Tayari. Sasa nimefunga."

Namuria hakupokea funguo. "Sema tena."

"Nimefunga."

"Mara moja?"

"Mara moja tu, mwalimu wangu. Njoo uangalie." Akalala chini mchangani, akamwashia tochi, naye Namuria akalala kando yake kwa nguo zake safi, akazihesabu bolti moja moja kwa kidole.

Halafu akaingia, akaweka mguu kwenye breki na kusukuma kwa nguvu zake zote, akisubiri ile tik. Haikuja. Aliendelea kusukuma hata hivyo, na baba yake pale chini ya mti alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza pamoja naye.